Nguo Ambayo Haikukatwa

Sufu ikilowa inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, kisha akaingizwa jikoni. Watu wa Rumonge hawaijui sana harufu hiyo. Hapa kando ya ziwa tunajua harufu ya mawese yanayochemka na ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa mchangani; sufu hatuna kazi nayo. Lakini juzi, mvua ilipokatika, mtu mmoja aliyeshuka kutoka milima ya Bururi aliingia kibandani kwangu, akavua koti lake zito lililolowa, akanipa nimbadilishie zipu. Nilipolishika, mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Aliniangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayejiuliza kama koti lake liko mahali salama. Sikumweleza kitu. Nitawaeleza ninyi.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani hapa hapa sokoni, jirani na wauza sabuni. Alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Siku moja alirudi nyumbani na kitu alichokinunua kwenye robota la mitumba, nasi tukashindwa kukipa jina. Si blanketi, si pazia, si shuka. Kilikuwa kitambaa cha sufu nzito, kirefu kuliko ua wetu, chenye miraba ya kijani na buluu ya giza, na mstari mwembamba mwekundu ukikatiza kila mahali. Wenzake sokoni walimcheka mpaka wakachoka.

"Fundi, umenunua baridi ya nani?"

"Baridi iko Bururi," baba akajibu. "Mimi nauza makoti, sinunui baridi."

Alikusudia kuwashonea makoti walimu na wafanyabiashara wa huko juu. Lakini hakuwahi kukigusa kwa mkasi. Alisema kitambaa cha namna ile hakikatwi kabla hujamjua atakayekivaa, akawa anamsubiri mvaaji. Kabla mvaaji hajafika, kifua kilimzidi baba, akafariki. Kitambaa kikawa chetu sisi watoto, cha kujifunika.

Tulikuwa watatu: mimi Idi, wa kwanza, Zena aliyenifuata, na Bakari, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Rumonge kuna joto, lakini mvua ikija na upepo wa ziwa, alfajiri inauma. Tulilala chini ya ile nguo wote watatu, Bakari katikati, na bado ilibaki ya kumfunika mtu mwingine. Ilikuwa inawasha kama upupu. Zena alilalamika kwamba afadhali mbu.

"Basi lala na mbu," mama akamjibu, "na umwambie akufunike."

Mama aliweka vifungo na sindano za baba katika kopo la zamani la biskuti. Kwenye mfuniko kulikuwa na picha ya mwanaume amesimama mlimani, mashavu mekundu, amekumbatia mfuko wenye mirija ambao alikuwa anaupuliza kama mtu anayejaribu kumfufua bata. Nguo yake ilikuwa ya miraba kama yetu. Chini ilikuwa na marinda mpaka magotini, na juu ilipanda mgongoni ikafungwa begani kwa pini kubwa. Mama alisema ni padri. Zena alisema ni mwanamke mwenye ndevu. Baba alimwita Bwana Marinda, na siku moja alituonyesha kwa ncha ya mkasi jambo ambalo fundi tu angeliona.

"Tazameni vizuri," alisema. "Hakuna mshono. Huyu bwana hajashonewa chochote. Ni kitambaa kimoja na mkanda."

Tulicheka, tukasahau.

Mama alimfuata baba baada ya miaka michache. Homa ilimchukua upesi, hata hatukupata nafasi ya kuogopa. Shangazi, dada yake baba, alishuka kutoka Bujumbura, na baba mdogo akapanda kutoka Kabonga, karibu na mpaka, ambako alikuwa mvuvi. Walikuwa watu wema. Nasema hivyo mapema ili msije mkawachukia. Shangazi alitupikia na kutuogesha, na alilia kuliko sisi.

Kwetu, matanga yakifika mwisho, jamaa hukusanyika uani. Mkeka hutandikwa, na vitu vya marehemu hutolewa ndani vikawekwa juu yake: vitenge, masufuria, godoro, kila kitu. Hapo hugawanywa. Siku hiyo hiyo, baada ya vitu, wakubwa husema watoto watakaa kwa nani. Hakuna anayeliona jambo hilo kuwa la ukatili. Mtoto hawezi kubaki peke yake, kama vile sufuria haliwezi kubaki limetupwa uani.

Siku chache kabla ya mkusanyiko huo, niliporudi kutoka kisimani, nilimkuta shangazi ameitandaza ile nguo ya sufu. Alikuwa anaipima kwa mkono, kutoka ncha ya pua mpaka kwenye vidole, kama wanavyopima wauza vitenge. Jirani yetu Mama Furaha, Mkongomani aliyetoka upande wa Fizi, alikuwa amekaa kizingitini anachambua ndagala.

"Inatosha vipande vitatu," shangazi alisema. "Kimoja kitaenda na Bakari Kabonga, kule kuna upepo. Kimoja nitakwenda nacho mimi na Zena. Na Idi atabaki na chake huku kwa yule rafiki wa baba yake, ajifunze cherehani."

"Mungu atakulipa, mama," Mama Furaha akasema. "Kila mutoto na kipande yake."

Zena alikuwa nyuma yangu. Alinishika mkono kwa kucha.

Ndivyo tulivyojua kwamba tutatenganishwa. Hatukuambiwa sisi, iliambiwa nguo. Na kwa kuwa habari ilitufikia kwa njia ya nguo, mimi nikaamini kwamba nayo itazuilika kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa na umri ambao mtoto anajiona ameshakuwa mtu mzima, na akili yangu ilikwenda moja kwa moja: tunalala chini ya nguo moja; wakiikata, tumekatwa; isipokatwa, watatugawanyaje?

Nilikumbuka kumaliza matanga ya bibi yetu. Siku ile shangazi mwenyewe alikuja amevaa kitenge cha bibi, kile cha mapambo ya samaki, na hakuna aliyemwambia akivue akiweke mkekani. Kilichopo mwilini mwa mtu hakigawanywi. Kwa hiyo ile sufu ilipaswa iwe imevaliwa siku hiyo, yote nzima, bila kupitiwa na mkasi. Nikaenda kulichukua kopo la vifungo.

Wakubwa walipokuwa wamelala mchana kwa sababu ya joto, sisi watatu tulijifungia chumbani na Bwana Marinda. Mara ya kwanza nilijizungusha ile nguo nikiwa nimesimama, Zena akinikimbia kwa duara kama mtu anayefunga mzigo. Nilipiga hatua moja, yote ikaanguka. Mara ya pili ilishika mpaka mlangoni. Mara ya tatu marinda yalikaa mbele, tumbo likawa kama la mama mjamzito, na Bakari alicheka mpaka tukamziba mdomo. Ni Zena aliyeona kosa letu.

"Baba alikuwa hakunji marinda hewani," alisema. "Alikuwa anayalaza mezani."

Hatukuwa na meza ya kutosha, basi tukatumia sakafu. Tulitandika mkeka, juu yake tukaweka mkanda wa baba, na juu ya mkanda tukaitandaza nguo. Kisha tukakunja, rinda moja baada ya lingine, kila mstari mwekundu ukilala juu ya mwenzake kama baba alivyokuwa akifanya kwenye sketi za wasichana wa shule. Tuliacha ncha mbili bila kukunja, za kufunikia mbele. Nguo iliyokuwa ndefu kuliko ua ikawa fupi kama mimi.

Nikalala chali juu ya marinda, pindo la chini likifika magotini. Zena alipiga magoti pembeni yangu, akaleta upande wa kulia juu ya tumbo, kisha akaleta wa kushoto juu yake.

Hapo Bakari alianza kulia. Hakulia kama mtoto aliyeanguka. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka, machozi tu. Ilituchukua muda kuelewa. Siku ya maziko ya mama tulimfukuza mlangoni ili asione, lakini kumbe alikuwa ameona: mtu amelazwa chali mkekani, na wanawake wanamfunika, upande huu, kisha upande ule.

"Kaka, usiende," alisema.

"Siendi. Ninavaa."

"Mama pia walimvalisha."

Zena aligeuza uso ukutani. Nikamwambia Bakari aje akae juu ya tumbo langu, asikie linavyopanda na kushuka. Akaja. Nikamwonyesha mkanda, nikamwambia ni yeye atakayeufunga, na akishaufunga nitasimama. Aliuvuta kwa mikono yote miwili mpaka nikakosa pumzi. Kisha akatoka juu yangu, akarudi nyuma mpaka ukutani, akatazama.

Nikasimama. Nguo yote ikasimama nami. Marinda yalitulia nyuma, na nusu ya juu, iliyokuwa inaning'inia kama mkia, Zena aliipandisha begani akaichoma pini. Bakari alinizunguka, akanigusa huku na huku. Halafu akasema, "Tena." Siku hiyo nililala na kusimama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa sababu alitaka kuona kila mara kama nitasimama.

Miaka mingi baadaye mteja mmoja alinionyesha kwenye simu yake mzee wa Kizungu, mtu wa nchi ya Uskoti, akieleza mavazi ya babu zao. Alitandaza kitambaa chini juu ya mkanda, akakunja marinda, akalala chali juu yake, akajifunika, akafunga, akainuka. Alisema mababu zao walivaa nguo hiyo mchana, na usiku wakaifungua wakajifunika. Mteja alitegemea nicheke. Nilimwomba aanze tena kutoka mwanzo.

Siku ya kumaliza matanga jua lilikuwa kali, na wali ulikuwa unanukia ua mzima. Wanaume walikuwa kwenye mikeka upande wa barabara, wanawake upande wa jiko. Vitu vya mama vilikuwa vimeshatolewa. Shangazi alikuwa anauliza ile sufu iko wapi nilipotoka chumbani.

Mama Furaha akapiga makofi.

"Yesu wangu! Muone huyu! Iko kama padri mwenye kukimbia misa!"

Ua ulilipuka. Mtu mmoja akauliza kama nimetolewa mahari. Mwingine akasema niondoke juani kabla sijaiva. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na sufu inawasha kila mahali, lakini nilikuwa nimejiapiza kutojikuna. Nilitembea mpaka mbele ya mkeka, nikasimama.

"Vua, mwanangu," shangazi alisema, akijitahidi kuzuia kicheko. "Tumebakiza hiyo tu."

"Hili ni vazi langu, shangazi. Nimelivaa."

Alinyoosha mkono kulishika, akaurudisha. Nadhani alikikumbuka kitenge cha samaki. Baba mdogo alikuwa anafuta macho kwa kicheko, mabega yakimtikisika. Mwishowe akainua mkono, watu wakatulia.

"Muache mutoto," alisema. "Iko mwilini mwake, ni yake. Nani atakufa Rumonge kwa kukosa sufu?" Akageuka kwa watu. "Nani tena iko na neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Aliniangalia na mimi, kwa upole kabisa, akasubiri. Mimi nilitikisa kichwa. Sikuwa na neno. Nilikuwa nimeshinda. Nilimtazama Zena kule kwa wanawake, naye alinitazama kwa macho yanayong'aa. Nikakaa chini kwa uangalifu, marinda yasiharibike, na nilikula wali mwingi kuliko siku zote tangu mama afe.

Tulipokwisha kula, baba mdogo alinawa mikono, akasimama, akamwinua Bakari, akampandisha begani.

"Tuage," alisema. "Gari ya Nyanza-Lac, njia ya Kabonga, inajaza."

Shangazi alikuwa amemvalisha Zena viatu. Mfuko wake wa nguo ulikuwa karibu na mlango. Sijui uliwekwa hapo saa ngapi.

"Lakini nguo haikukatwa," nikasema.

Baba mdogo alinitazama, bado anatabasamu. "Haikukatwa," alikubali. "Tumekuachia yote."

Nilirudia. Nililisema kwa shangazi, nikalisema kwa Mama Furaha, kwa sauti inayopanda, na kila mmoja alinijibu kwa huruma kwamba ndiyo, nguo ni yangu, hakuna atakayeichukua. Mtu mmoja tu ua mzima alijua ninasema nini, Zena, naye alikuwa anavutwa mkono na shangazi kuelekea barabarani. Nilimfuata baba mdogo. Bakari, kule juu begani kwake, alikuwa ameshika pindo la begani mwangu tangu alipoinuliwa, na pini ikafyatuka, nguo ikawa inafunguka kati yetu barabara nzima, na watu wa madukani walicheka kwa sababu hawakujua. Ilibidi kondakta amfungue vidole.

Zena aliondoka na gari la kwenda Bujumbura jioni hiyo hiyo. Usiku ule nilijifunika ile nguo yote peke yangu. Nilikuwa sijawahi kujua ilivyo nzito.

Habari ya Zena nitawaambia kwanza, kwa sababu yake ni fupi. Nilipomfuata Bujumbura, shangazi alikuwa ameshamwandikisha shule, na Zena mwenyewe aliniomba nisubiri amalize. Nilisubiri. Alirudi akiwa mrefu kuliko mimi, na mpaka leo ananisahihisha ninavyoandika.

Kwa Bakari sikuweza kusubiri. Niliacha shule. Mchana nilibeba madumu kwenye kinu cha mawese, na jioni rafiki wa baba alinifundisha cherehani. Sikuhamia kwake. Nililala nyumbani kwetu, nikaziba paa, nikapanda mihogo nyuma ya jiko. Mama Furaha alikuwa akipita asubuhi kunisalimia kwa Kirundi, amahoro, kaka Idi, na kuacha kibakuli cha ndagala kana kwamba amekisahau. Mvua zilikuja, zikaisha. Nilipoona kwamba naweza kulisha watu wawili, nikapanda gari kwenda Kabonga.

Baba mdogo alikuwa amekaa mchangani anashona wavu. Alifurahi kuniona. Akaniuliza nguo yangu ya arusi iko wapi.

"Nimekuja kumchukua Bakari," nikamwambia.

"Umupeleke wapi?"

"Nyumbani."

"Nani iko nyumbani?"

"Mimi."

Aliuweka wavu chini. Aliniuliza tutakula nini, nikamwambia. Aliniuliza shule, nikamwambia nimeacha. Alikaa akiutazama mkono wangu, jinsi ulivyopasuka kwa mawese na kamba za madumu.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilisema."

"Hapana, Idi. Nilisimama mbele ya watu wote nikauliza nani iko na neno. Nikakuangalia. Wewe ulitaka nguo, nikakupa. Nilirudi huku nikamwambia mama Halima, mutoto ameomba kitu kimoja tu, nasi tumemupa, roho yake imetulia."

Mama Halima ni mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akatikisa kichwa kwamba ndivyo alivyoambiwa.

Nimeyafikiria maneno hayo miaka yote hii nikiwa nimeinamia cherehani. Sijui kama angenikubalia siku ile; pengine angecheka tena, pengine shangazi angesema mtoto halei mtoto. Lakini nilikuja kuelewa kwamba katika ua ule hakuna aliyeninyima ndugu zangu, kwa sababu hakuna aliyejua nimewaomba. Nilikuwa nimetandaza, nimekunja, nimelala na kusimama, nimevumilia joto na vicheko, nikiamini kwamba nimesema kila kitu. Watoto huzungumza hivyo. Wakubwa waliona vazi.

Bakari alikuja kutoka majini na watoto wengine, mweusi kwa jua, ameota meno mapya. Aliponiona alisimama. Kisha akaenda nyuma ya mama Halima, akashika kanga yake, akachungulia. Nikajua nimechelewa, na nikajua pia kwamba siwezi kuondoka.

"Kaka yako amekufuata," baba mdogo akamwambia.

Bakari hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Unanitaka?" akaniuliza.

Wavuvi walikuwa pale, na wanawake wa samaki, na watoto wote waliotoka majini naye. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Ndiyo. Nakutaka. Ndiyo maana nimekuja."

Alifikiri kidogo. Kisha aliiachia kanga, akarudi majini kunawa mchanga miguuni, tupate kuondoka.